Bunge liulizwe kabla ya sahihi, si baada yake

Siku moja, katika shule ya sekondari iliyo jirani na Kagongwa, nilikuwa nikifundisha somo la Uraia kidato cha nne. Nilichora ubaoni safu mbili. Upande mmoja niliandika mabaraza ya juu, upande wa pili mabaraza ya chini. Uingereza: Baraza la Malodi juu, Baraza la Makabwela chini. Kenya: Seneti juu, Bunge la Taifa chini. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: Seneti juu, Bunge la Taifa chini. Nilipofika kwetu chaki ilisita, na kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa mpunga, akaniwahi: "Mwalimu, letu sisi ni la juu au la chini?"

Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, nikajibu haraka haraka kwamba letu ni moja tu, halina juu wala chini, nikageukia mada nyingine. Lakini jioni, nilipokuwa nikipita kwenye mashine za kukoboa mpunga kurudi nyumbani, nilitambua kwamba nimelikwepa swali la maana. Nakiri kosa hilo mbele ya walimu wenzangu na watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Jibu nililopaswa kumpa kijana yule ni refu, na sehemu yake kubwa iko hapa hapa kwetu, ukishika barabara ya kutoka Kagongwa kwenda Kahama mjini, palipochimbwa shimo la Buzwagi.

Kwanza, neno "chini" lenyewe. Halikutokana na udogo wa madaraka, bali lilitokana na daraja za watu. Waingereza waliwaweka makabaila wao katika baraza moja na watu wa kawaida katika jingine, na kwa desturi za kikabaila watu wa kawaida walihesabiwa kuwa chini. Hata hivyo, kadiri miaka ilivyopita, madaraka yaliteremka kuwafuata wale wa chini. Mwaka 1909 Malodi walithubutu kuikataa bajeti iliyopitishwa na Makabwela. Ukazuka mgogoro mkubwa wa kikatiba, zikafanyika chaguzi mbili katika mwaka mmoja wa 1910, na mwaka 1911 ikatungwa sheria iliyowanyang'anya Malodi uwezo wa kuzuia muswada wa fedha kwa zaidi ya mwezi mmoja. Miswada mingine wangeweza kuichelewesha kwa miaka miwili. Mwaka 1949 muda huo ulipunguzwa ukawa mwaka mmoja. Sababu yake ni rahisi, na hata mwenye mashine ya kukoboa mpunga anaielewa: anayetoa fedha ndiye mwenye haki ya kuuliza zinakwenda wapi, na fedha hazitolewi na Malodi peke yao. Baraza la chini, basi, ndilo baraza lililo karibu na mfuko wa mwananchi.

Sisi tulianza na baraza lisilokuwa karibu na mfuko wa mtu ye yote isipokuwa wa mkoloni. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza kazi mwaka 1926 chini ya Gavana, na wajumbe wake wote walikuwa wa kuteuliwa. Hadi mwaka 1945 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Walipoteuliwa wawili wa kwanza, mmoja wao alikuwa Chifu Kidaha Makwaia wa hapa Shinyanga. Mwenzake alikuwa Chifu Abdiel Shangali wa Kilimanjaro. Huo ndio mchango wa kwanza wa mkoa wetu katika historia ya Bunge, na sioni vitabu vya shule vikiutaja inavyostahili. Lakini Chifu Kidaha, pamoja na heshima zote alizokuwa nazo, alikaa pale kwa hisani ya Gavana. Kiti cha hisani hakiulizi sana. Ilibidi tungoje chaguzi za 1958 na 1959, na hatimaye Uhuru wa 1961, ndipo mjumbe aweze kusimama na kusema ametumwa na watu.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 62, inasema kwamba Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, yaani Rais na Wabunge. Wengi wetu tumeifundisha ibara hiyo bila kuitafakari. Nchi nyingine zinapogawa Bunge lao sehemu mbili huwa zina maana ya vyumba viwili vya wajumbe. Sisi sehemu yetu ya pili ni mtu mmoja, tena yule yule mwenye kushika Serikali. Wako wanaodhani kwamba Baraza la Wawakilishi la Zanzibar ndilo chumba chetu cha pili. Sivyo. Baraza lile, lililoanza mwaka 1980, hutunga sheria za Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano, nalo hupeleka wajumbe 5 Bungeni; halipitii wala halizuii kazi ya Bunge la Dodoma.

Kwa hiyo chumba chetu kimoja kimetwishwa kazi za vyumba viwili. Kwanza kinatakiwa kusema kwa niaba ya wananchi, kama lifanyavyo baraza la chini. Kisha hicho hicho kinatakiwa kusita, kurudia na kupima, kama inavyotarajiwa baraza la juu lifanye. Kikikosea kwa haraka, hakuna chumba kingine cha kukirudisha nyuma. Na ibara ya 63 haikukipa cheo kidogo: imekiita chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Neno la kwanza hapo ni kusimamia. Ushauri umekuja nyuma yake. Nalisema hili kwa kuwa katika ofisi zetu kuna watu wanaodhani Bunge ni mahali pa kupeleka taarifa tu.

Sasa tuje Buzwagi.

Mwezi Februari mwaka 2007, Waziri wa Nishati na Madini wa wakati ule, Nazir Karamagi, alitia sahihi mkataba wa kuchimba dhahabu ya Buzwagi na kampuni ya Barrick. Sahihi hiyo haikutiwa Kahama, wala Shinyanga, wala Dar es Salaam, wala Dodoma. Ilitiwa London. Tena ilitiwa wakati ambapo Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mikataba ya madini itapitiwa upya, kwa kuwa wananchi walikwisha kulalamika kuwa sheria ya madini ya mwaka 1998 ilituachia mrabaha wa asilimia 3 tu kwa dhahabu inayotoka ardhini mwetu. Wabunge hawakuuona mkataba huo kabla ya kutiwa sahihi. Wananchi wa Kahama, ambao vilima vya kifusi vingeota mbele ya macho yao, hawakuuona kabla wala baada.

Mwezi Agosti mwaka huo huo Zitto Kabwe, wakati ule mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, alipeleka hoja binafsi Bungeni akitaka iundwe kamati teule ya kuchunguza jinsi mkataba ule ulivyotiwa sahihi. Tuangalie vizuri alichokiomba. Hakuomba mkataba uvunjwe, wala hakuomba mgodi usijengwe. Aliomba Bunge lichunguze, jambo ambalo ni kazi ya Bunge kama vile kupima mzigo ilivyo kazi ya mizani. Jibu alilopata ni kwamba hoja ilikataliwa kwa kura za wengi, na yeye mwenyewe akasimamishwa ubunge hadi Januari 2008 kwa madai kwamba amesema uongo.

Mimi si mwanachama wa chama chake, na wala siandiki hapa kumpamba. Nauliza tu: siku ile, ni nani aliyekuwa akifanya kazi ya baraza la wananchi? Ni yule mmoja aliyeuliza, au ni wale wengi waliopiga kura ya kutouliza? Wingi wa kura huamua jambo, lakini hauwezi kugeuza kutouliza kukawa kuuliza.

Historia haikuchelewa kutoa jibu. Adhabu ile ilipotangazwa, watu walijaa katika mikutano ya hadhara nchini kote kumsikiliza mbunge aliyefukuzwa kikaoni. Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda Kamati ya kupitia mikataba na sheria ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Zitto yule yule akawa mmoja wa wajumbe wake. Yaani Serikali ilifanya kwa kamati ya Rais kile ambacho Bunge lilikataa kukifanya kwa kamati yake lenyewe. Miezi michache baadaye Bunge lilijirekebisha. Februari 2008, kamati teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na Karamagi naye akatoka katika Baraza la Mawaziri. Siku zile hata wauza mchele wa Kagongwa waliacha kupima wakasikiliza redio. Nilipata kuona watu wasiojua kusoma wakijadili maana ya "kamati teule" kwa ufasaha kuliko wanafunzi wangu.

Kazi ya Kamati ya Bomani ilizaa sheria mpya ya madini mwaka 2010, na mrabaha wa dhahabu ukapanda hadi asilimia 4. Ni maendeleo, hakuna mwenye akili timamu atakayeyapuuza. Lakini hebu tuzipange tarehe. Sahihi ilikuwa 2007. Mgodi ulianza kuzalisha mwaka 2009. Sheria mpya ilikuja 2010, na ilikuta mgodi unafanya kazi chini ya mkataba wake. Na mwaka 2021 uchimbaji wa Buzwagi ulikwisha. Kwa hesabu ya maisha ya binadamu hiyo ni miaka 12: mtoto aliyeanza darasa la kwanza mgodi ulipofunguliwa, alikuwa hajamaliza kidato cha sita ulipofungwa.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mpunga wa Kagongwa ukiuzwa kwa bei mbaya mwaka huu, mwakani mvua ikinyesha tutalima tena na kupatana upya. Dhahabu haina msimu wa pili. Iliyokwisha kuondoka Buzwagi imekwisha kuondoka, na wala haitarudi kwa sababu kamati fulani imegundua baadaye kwamba masharti yalikuwa mabaya. Usimamizi unaokuja baada ya mali kuondoka unaweza kumtoa waziri kitini, lakini hauwezi kurudisha mali. Kwa mali za namna hii Bunge lina wakati mmoja tu wa kufanya kazi yake ya kweli, nao ni kabla wino haujagusa karatasi.

Atatokea msomaji kuniambia kwamba mambo hayo yamekwisha kurekebishwa mwaka 2017. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka ule zilitungwa sheria mbili za mali asili, na ile ya madini ikarekebishwa. Mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Kutokana na msimamo huo ikazaliwa kampuni ya Twiga, ambamo Barrick ina asilimia 84 na Serikali asilimia 16, kwa makubaliano yaliyotiwa sahihi Januari 2020. Sheria zile zimetamka wazi kwamba Bunge linaweza kupitia mikataba ya mali asili na kuitaka Serikali ijadiliane upya pale penye masharti ya kinyonyaji. Kwa hakika ni hatua ambayo vizazi vya kabla yetu wangeipigia makofi.

Lakini ukizisoma kwa utulivu utaona mambo mawili. La kwanza, miswada ile mizito ilipelekwa kwa hati ya dharura mwishoni mwa Juni 2017, na mwanzoni mwa Julai ilikuwa imekwisha kupita. Siku hazikutosha hata kwa wakili mzoefu kuisoma yote na kuilinganisha na mikataba iliyopo, seuze mbunge anayetoka kwenye kikao kirefu cha bajeti. Nchi yenye chumba cha pili ingesema, "haya, chumba kile kitaangalia tena." Sisi hatuna chumba kile. La pili, na ndilo kubwa, sheria inataka mkataba uripotiwe Bungeni ndani ya siku 6 za vikao vinavyofuata baada ya kufungwa. Baada ya kufungwa! Mlango umefunguliwa, ni kweli, lakini umefunguliwa upande ule ule wa baada ya sahihi. Mkataba ukishatiwa sahihi, mbunge anayeupinga haonekani tena kama mtu anayeshauri bei. Anaonekana kama mtu anayevunja neno la nchi. Ndiyo maana wengi hunyamaza.

Tuliliona tena jambo hili mwaka 2023. Makubaliano ya bandari baina ya nchi yetu na Dubai yalitiwa sahihi Oktoba 2022, na Bunge likayaridhia tarehe 10 Juni 2023. Kwa utaratibu wa ibara ya 63 hapakuwa na kosa, maana kuridhia ni kazi ya Bunge. Lakini mjadala mkubwa wa nchi, wa maaskofu, mawakili, wafanyabiashara na watu wa kawaida, ulipamba moto baada ya kura na siyo kabla yake. Sisi wa upande huu, tunaotazama malori yakitoka bandari kavu ya Isaka kuelekea Rwanda na Burundi, tulikuwa na la kusema kuhusu bandari. Sisemi makubaliano yale yalikuwa mabaya. Hilo lina wataalamu wake. Nasema watu walianza kusoma wakati waliochaguliwa kusoma kwa niaba yao walikuwa wamekwisha kupiga kura.

Najua hoja zinazotolewa dhidi ya rai hii. Husemwa kwamba mikataba ina siri za biashara. Sawa, lakini Bunge lina kamati, na kamati zinaweza kukaa faragha, kama zinavyokaa kwa mambo ya ulinzi ambayo ni mazito kuliko bei ya mawe. Husemwa pia kwamba wabunge si wataalamu wa madini. Hilo nalo ni kweli, na mawaziri walio wengi si wataalamu wa madini vile vile. Wana wataalamu wanaowaandalia karatasi. Kamati ya Bunge ipewe wataalamu wake. Gharama ya mwanajiolojia mmoja na mhasibu mmoja kwa mwaka ni kitu gani mbele ya mgodi wa miaka 12?

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote: kwamba mbunge wa chama kinachotawala akiuliza sana, anaisaliti Serikali ya chama chake. Hofu hii ina historia. Oktoba 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa TANU, wakapoteza viti vyao papo hapo, kwa kuwa ubunge wetu umefungwa kwenye uanachama. Mmojawapo alikuwa jirani yetu, Joseph Kasella-Bantu kutoka Nzega, mtu aliyekuwamo katika harakati tangu siku za mwanzo kabisa. Mwaka 1973, Bunge la chama kimoja liliukataa muswada wa kodi ya mapato. Rais akawakumbusha wabunge kwamba anaweza kulivunja Bunge warudi kwa wapiga kura, nao wakaupitisha. Kifungu hicho kipo mpaka leo: chini ya ibara ya 90, Bunge likikataa bajeti Rais anaweza kulivunja. Na Januari 2022 Spika, marehemu Job Ndugai, alijiuzulu baada ya kelele zilizofuata maneno yake kuhusu mikopo ya Serikali. Mtu anaweza kukubaliana na maneno yale au kuyakataa. Lakini ikiwa Spika mwenyewe hawezi kuzungumzia deni la nchi akabaki kitini, mbunge wa kawaida atapata wapi ujasiri?

Hata hivyo nawaomba wenye hofu hiyo waikumbuke upya 1973, maana watu huisimulia nusu. Lile lilikuwa Bunge la chama kimoja, na bado lilidiriki kusema hapana, hata kama ni kwa siku chache. Wabunge wa wakati ule walipatikana kwa wagombea wawili wa chama kile kile, mmoja na jembe na mwenzake na nyumba, na tangu 1965 wananchi walikuwa wamewaangusha hata mawaziri. Paul Bomani, jabali la ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa, alishindwa Mwanza mwaka ule. Mbunge anayejua kwamba wapiga kura wanaweza kumwangusha huwaogopa wapiga kura. Asiyekuwa na hofu hiyo humwogopa mwingine. Baada ya uchaguzi wa 2020 viti vya majimbo vya upinzani vilihesabika kwa vidole, na tangu hapo mzigo wote wa kuuliza uko mabegani mwa wabunge wa chama kinachotawala. Wasipouliza wao, hakuna wa kuuliza.

Wako wanaoona dawa ni kuongeza chumba cha pili, tuwe na Seneti kama majirani. Mimi sina imani sana na dawa hiyo. Wakenya walipata Uhuru wakiwa na Seneti, wakaifuta mwaka 1966, wakairudisha kwa Katiba ya 2010. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge lao la Taifa, baraza la chini, liliupitisha Muswada wa Fedha huku vijana wamejaa barabarani kuupinga. Waandamanaji wakaingia ndani ya majengo ya Bunge, damu ikamwagika, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatatia sahihi. Seneti ilikuwapo, lakini muswada wa kodi haukuwa wa kupita kwake. Kwa hiyo chumba cha pili hakiwezi kulikinga baraza la chini lisiloyasikia masikio ya waliolichagua. Kwa mambo ya fedha liko peke yake, kule kama hapa.

Yapo pia mambo yaliyo mikononi mwetu sisi wenyewe, watumishi na walimu. Waziri anapojibu swali Bungeni, jibu lile halikuandikwa na yeye. Limeandikwa na ofisa katika wizara, kwa taarifa alizoletewa na ofisa wa mkoa, aliyeletewa na ofisa wa halmashauri. Wengi wetu tumeshiriki kuandika ile sentensi maarufu isemayo kwamba Serikali inalifanyia kazi suala hilo na litakapokamilika wananchi watajulishwa. Kila tunapoiandika pale ambapo tunajua tarakimu, tunamnyima mbunge wa Kahama, wa Geita au wa Kigoma haki ambayo Katiba imempa. Sikumbuki kuona mtumishi akiadhibiwa kwa jibu tupu. Nimeona walioitwa kujieleza kwa jibu lililojaa.

Mwanzoni mwa mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya ukatili waliofanyiwa watuhumiwa wa mauaji mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Tendo lile limesifiwa tangu hapo, na linastahili sifa. Lakini nchi haiwezi kuendeshwa kwa kungoja dhamiri za watu wema. Mwinyi alikuwa mmoja. Bunge limewekwa kwa ajili ya siku zile ambazo aliye kitini hana dhamiri ya namna ile.

Na wananchi nao wana lao. Tumemgeuza mbunge kuwa msamaria wa bati na jeneza. Tangu sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya mwaka 2009, mbunge hupimwa kwa mifuko ya saruji aliyoleta. Hapa Kagongwa nimewasikia watu wazima wakimlaumu mbunge kwa kutofika msibani; sijapata kumsikia hata mmoja akimlaumu kwa kutosoma muswada. Tukimtuma bati, ataleta bati, na mkataba utapita asiusome, kwa kuwa hakuna aliyemtuma kuusoma.

Kipindi kilichofuata nilirudi darasani. Nilifuta safu zangu mbili, ya juu na ya chini, nikaandika tarehe tatu tu: Februari 2007, sahihi, Agosti 2007, hoja, 2009, mgodi. Nikamwita yule mtoto wa mkulima wa mpunga nikampa chaki, nikamwambia azipange upya kama ambavyo zingepaswa kufuatana. Alisimama kidogo akiutazama ubao. Kisha akaifuta ile ya pili na kuihamishia mwanzo, akanigeukia akauliza: "Mwalimu, na ya Twiga tuiweke wapi?"